Doti Nyeusi za Mpiga Eksirei

Niseme mapema nisije nikaonekana mnafiki: mtu ninayemsimulia hapa nilimwonea wivu. Haukuwa ule wivu wa kupita, wa kumwona mwenzio na koti jipya ukasahau kesho yake. Wangu nilikuwa nakaa nao mezani, naamka nao, napanda nao kilima kwenda shuleni asubuhi ukungu ukiwa bado umelala barabarani. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nina shahada, na nimefundisha hapa Lushoto mpaka nywele zimeanza kunikimbia. Yeye alikuwa mpiga eksirei wa hospitali, mtu wa cheti kimoja na aproni moja ya madini ya risasi ya kuzuia miali, na alininyang'anya kitu ambacho sikujua kama kinaweza kunyang'anywa. Sasa hayupo, na sina sababu ya kujificha.

Kitu chenyewe ni maswali ya binti yangu.

Saumu alipokuwa mdogo alikuwa akiuliza tangu anapofumbua macho. Kwa nini ukungu haudondoki kama mvua? Kwa nini lori la kabichi likishuka mteremko wa Soni breki zake zinanuka? Kwa nini chai ya kikombe cha bati inaunguza midomo kuliko ya kikombe cha udongo? Nami mwenye shahada nilikuwa namjibu, "Utayasoma kidato cha tatu." Nilikuwa nimechoka, nina madaftari ya kusahihisha, na nilidhani maswali ya mtoto yapo tu siku zote, kama maji yanavyoteremka kutoka msitu wa Magamba. Haikunijia akilini kwamba siku moja yatahamia nyumba ya mtu mwingine.

Watu wote walimwita Mpiga Eksirei, nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa mrefu, amepinda kidogo mabegani kwa miaka ya kuinamia wagonjwa, na mikono yake ilinuka dawa ya kusafishia filamu, harufu kama ya siki, hata siku za Jumapili akiwa kanisani na suti. Hakukumbuka sura za watu. Alikumbuka vifua. "Wewe ni yule wa mbavu mbili, upande wa kulia," alimwambia muuza viazi sokoni, na muuza viazi akafurahi kana kwamba ametajwa redioni. Siku moja alimsifu mke wa mtu, mume wake akiwa pale pale, kwamba ana mtulinga mzuri ambao yeye katika kazi yake yote hajaona wa kufanana nao. Mume alikuwa mtu wa Mlalo, mfupi, mwenye hasira za karibu. Alitua gunia la karoti akauliza huo mtulinga ndio nini na yeye ameuonea wapi. Ilibidi Mpiga Eksirei afungue vifungo vya shati lake mwenyewe katikati ya soko, aoneshe ule mfupa unaotoka shingoni kwenda begani. Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Mimi nilikuwepo na sikucheka. Nilikuwa nahesabu ni wangapi mle sokoni nimewafundisha, na ni wangapi kati yao wamewahi kunichangamkia namna ile.

Maneno yake ya kazi aliyabeba kila mahali. "Vuta pumzi. Izuie. Usitikisike." Mgonjwa aliambiwa hivyo, na hilo linaeleweka. Lakini hata kwaya ya watoto aliiambia hivyo kabla haijaanza wimbo, na dereva wa bodaboda kabla ya kona za kushuka, na mimi mwenyewe mara moja nilipokuwa nagombana na mtu wa maji kuhusu bomba. "Mwalimu, usitikisike," akasema, akapita zake. Nilifura nusu nipasuke.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Filamu yenye ukungu hakuisamehe kamwe. Aliwahi kumfuata mgonjwa hadi stendi, gari la Mombo limeshawasha injini, akamteremsha na mizigo yake arudi akapigwe upya kwa sababu alikohoa. Lakini nyumbani kwake hukuweza kukalia kiti bila kwanza kuhamisha magazeti, nyundo, na kuku. Alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa safu ya mbele, na wakati huo huo aliweza kukuambia bila kupepesa kwamba mwanga fulani umesafiri miaka bilioni kumi. Mchungaji alimuuliza atayapatanishaje hayo. Alijibu, "Mungu hana haraka, Mchungaji. Wenye haraka ni sisi tunaosubiri majibu." Mchungaji akalitumia jibu lile kwenye mahubiri, Wakristo wenzake wakaja kunisimulia mimi Mwislamu, tena kwa furaha, kana kwamba nilikuwa nalihitaji.

Na kwa mambo ya heshima alikuwa mkali. Mtoto asiyesema shikamoo hakuoneshwa kitu. Yeye mwenyewe alikuwa anaziamkia galaksi, zile jamii za nyota za mbali. Akifungua picha mpya kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka, kwanza alisema, "Shikamooni." Saumu alimbishia: "Babu, lakini hizi tunaziona jinsi zilivyokuwa zamani, zikiwa bado changa. Shikamoo ya nini kwa mtoto?" Alifikiri hilo wiki nzima. Jumamosi iliyofuata akamjibu, "Galaksi ni changa, sawa. Lakini mwanga ulioniletea habari umezeeka njiani kuliko milima hii. Namwamkia mjumbe." Haya yote mimi niliyapata kwa mke wangu, ambaye aliyapata kwa Saumu. Kwangu hayakuletwa.

Jinsi alivyoingia kwenye mambo ya mbinguni ni jambo la bahati tu, na hilo ndilo lililoniuma. Daktari mmoja mgeni aliyepita hospitalini aliacha gazeti la sayansi, na ndani yake kulikuwa na picha ya anga iliyopigwa kwa eksirei. Mtu mwingine angefungia vitumbua. Yeye aliitazama akasema, "Kumbe nina mwenzangu huko juu." Akaanza kuuliza, kusoma kwa Kiingereza chake cha kuungaunga na kamusi mapajani, mpaka akajua kwamba darubini za namna ile hupelekwa juu kabisa, nje ya hewa, kwa sababu hewa yetu huzizuia eksirei zisitufikie. "Hewa ni aproni ya dunia," aliwaambia wauguzi. Mimi nimefundisha angahewa miaka yote hiyo kwa mchoro wa matabaka, na sijawahi kusema sentensi ambayo muuguzi aliirudia.

Saumu alimfikia kwa kifundo cha mkono. Alikuwa kidato cha pili, akateleza kwenye ngazi za shule wakati wa mvua, mkono ukavimba. Nilimpeleka mwenyewe. Mpiga Eksirei alimpiga picha, halafu badala ya kutukabidhi bahasha tuondoke, akaiweka filamu kwenye sanduku lake la taa na kumwita mtoto karibu.

"Huu ni mkono wako. Palipo peupe ni mfupa, umezizuia eksirei. Palipo peusi zimepita zote, zimeipiga filamu ikaungua. Nyeusi ndiyo habari ya kufika. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Na hii mistari kwenye ncha za mifupa ni nini? Nako nimevunjika?"

"Hapo ndipo unapokulia," alisema. "Siku ikijifunga, umemaliza kukua."

Uso aliougeuza mwanangu pale sijawahi kuuona akinitazama mimi. Niliuona kwa pembeni, nimeshika fomu ya hospitali. Toka siku ile Jumamosi za Saumu zikawa za mzee yule.

Mke wangu alikuwa akinicheka. "Wanaume wenzio wanawaonea wivu vijana wenye pikipiki," alisema akimenya viazi. "Wewe unamwonea mzee mwenye sweta lililotoboka. Nenda basi ukamuulize Saumu amejifunza nini." Sikwenda kuuliza. Nilikwenda kuchungulia.

Nyumba yake ilikuwa juu ya mji, njia ya kwenda Magamba, imezungukwa na miti ya mapeasi. Nilijifanya nanunua mapeasi kwa jirani. Ukungu ulikuwa umeshuka, nikasimama nyuma ya dirisha lake na mfuko mkononi, mwalimu mzima mwenye familia, nasikiliza somo la mwingine kama mwizi.

Hospitali ilipobadilisha mashine na kuanza kutumia kompyuta, filamu za zamani zilitakiwa kuharibiwa. Mganga mkuu alimruhusu abaki na za mikono ya watoto, kwa sharti akate majina yote, naye akayakata kwa mkasi moja moja. Sasa alikuwa amezimwaga mezani, mikono ya watoto wasiojulikana, wa mwaka mmoja hadi wa miaka kumi na minane, imechanganyika.

"Ipange," alimwambia Saumu.

Nilisikia filamu zikikwaruza meza kwa muda mrefu. Kisha akamuuliza, "Kuna mtoto yeyote hapo umemwona akikua?"

"Hakuna. Kila mmoja ana picha moja tu."

"Lakini mkono unavyokua, umeujua?"

"Nimeujua."

"Umeujuaje?"

Saumu akasema polepole, "Kwa sababu ni wengi, na kila mmoja amekamatwa kwenye umri wake."

"Basi umemaliza kazi ya wale wenye darubini. Hakuna binadamu atakayeishi aione galaksi moja ikikua. Lakini ya mbali tunaiona ilivyokuwa zamani, ya karibu tunaiona ilivyokuwa juzijuzi. Unazipiga picha nyingi, unazipanga kama hii mikono."

Na akaendelea. Kwamba katikati ya galaksi kubwa kuna shimo jeusi, na gesi inapolizunguka kabla ya kumezwa huwaka joto la ajabu mpaka inatoa eksirei, kwa hiyo galaksi inayong'aa kwa eksirei ni galaksi iliyokamatwa ikila. Kwamba zamani, kama miaka bilioni kumi nyuma, zilikuwa zinakula kwa fujo. Zilizokuwa na pupa kubwa kabisa zilikula mapema, zikanyamaza. Zenye kula kidogo kidogo ziliendelea hadi karibu na zama zetu. Kwamba nyingine zimejifunika vumbi zito kiasi kwamba eksirei laini hazitoki, zinatoka zile kali peke yake. "Kama yule mama mnene wa juzi," akasema. "Nilimpiga kwa kilovolti za kawaida, nguvu ya kila siku ya mashine, nikaona wingu. Nikaongeza, mbavu zikatoka. Hakuwa hana mbavu, Saumu. Mimi ndiye nilikuwa sijazifikia."

Lilikuwa somo bora la fizikia nililowahi kulisikia. Niliteremka kilima nikiwa nimeuma peasi moja tu, na mfuko nikamkabidhi mke wangu bila kumwambia nimetoka wapi.

Sasa nisimulie niliyoyafanya, maana picha ya mtu ukiichora bila kujichora na wewe uliyesimama mbele yake, umedanganya.

Mkuu wetu wa shule aliandaa siku ya sayansi na kumwalika Mpiga Eksirei azungumze na wasichana, Saumu akiwa mmoja wao. Mimi nilikuwa mkuu wa idara, na nilipangiwa kutafuta viti. Alikuja na picha ya anga aliyoichapisha pale mjini, kwa dada wa steshenari. Picha hizo kwenye simu ni anga nyeusi na doti nyeupe; dada alimwambia wino wake wote utaishia kwenye karatasi moja. "Basi igeuze," mzee akasema, "nyeusi iwe nyeupe, nyeupe iwe nyeusi. Kwanza ndivyo ninavyojua kusoma." Kwa hiyo alichobandika ubaoni ilikuwa karatasi nyeupe kubwa yenye doti nyeusi, kama filamu za kazini kwake. Habari ya wino niliijua baadaye. Siku ile niliona doti nyeusi tu.

"Kila doti nyeusi hapa," aliwaambia wasichana, "ni galaksi inayotoa eksirei."

Nikasimama. Hata kiti changu kilipiga kelele.

"Samahani, mzee wangu. Naomba nisahihishe kidogo, kwa faida ya wanafunzi. Shimo jeusi halitoi kitu. Ndiyo maana likaitwa jeusi. Hizo doti ni mahali ambapo eksirei hazitoki. Zinatoka huku kweupe kote."

Wasichana waliguna, wengine wakacheka kwa kuziba midomo. Sina budi kukiri kwamba nilijisikia vizuri. Nilijisikia vizuri sana.

Mpiga Eksirei alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta. Alitazama safu ya mbele, kisha akanitazama mimi. Niliona kifua chake kikijaa hewa na kukaa nayo. "Mwalimu ndiye mwenye fizikia," alisema. "Hilo atalifafanua vizuri darasani. Sisi tuendelee na mikono." Akatoa filamu zake. Nilichukulia kwamba amesalimu amri, na darasani nikawaandikisha wasichana habari ya zile doti vile vile nilivyoisema.

Jioni ile Saumu alikuwa anakoroga uji. Alikuwa kidato cha tatu wakati huo, kile kidato nilichomwahidi kwa miaka.

"Baba, lakini kwenye filamu, nyeusi ndiko eksirei zilikofika."

"Usinifundishe kazi yangu."

"Sifundishi. Nauliza."

"Nimesema usinifundishe!"

Akashusha mwiko. "Ndiyo, baba," akasema, kwa adabu kamili. Na hilo lilikuwa swali lake la mwisho kwangu. Baada ya hapo aliniamkia, aliniandalia maji ya kuoga, aliniomba ruhusa na nauli, na kila nilipomweleza jambo alisema ndiyo, baba. Nyumba ilikuwa na heshima tele. Nilikuwa nakaa sebuleni nikitamani mtu aniulize kwa nini chai inapoa.

Kosa langu nililigundua kwa kalamu yangu mwenyewe. Zilikuwa karatasi za mtihani wa kidato cha nne, na swali nililitunga mimi: eleza kwa nini mifupa huonekana myeupe kwenye filamu ya eksirei. Msichana mmoja aliandika, kwa mwandiko mbaya, kwamba eksirei huifanya filamu kuwa nyeusi pale zinapofika, na mfupa huzizuia. Nikampa vema. Kalamu ikabaki hewani. Mambo haya nilikuwa nayafundisha kila mwaka, yapo kwenye nukuu zangu, ukurasa umechakaa. Nilikuwa nayajua hata siku ile niliposimama. Wivu ulinifanya nisahau hata ninachokijua.

Nilifanya nini? Niliacha kulisema lile kosa darasani, na nikanyamaza. Kwenda kumwambia Mpiga Eksirei niliona bora nife. Nilijua kwamba na yeye alijua, na alininyamazia mbele ya shule nzima, na sasa hata huo wema wake niliuonea wivu, maana nilijijua mimi nisingeuweza.

Saumu alimaliza chuo kikuu, tukamfanyia shughuli ndogo uwanjani kwetu. Ukafika wakati wa keki. Alimlisha mama yake, akanilisha mimi kama baba. Kisha mshereheshaji akatangaza kwamba sasa atamlisha mwalimu wake wa kwanza wa fizikia. Nilikuwa nimeshasimama tena. Nilikuwa nimeshafunga kifungo cha koti. Saumu alipita na sahani yake hatua mbili kutoka kwangu, akaenda hadi meza ya nyuma ambako Mpiga Eksirei alikuwa ameketi na kofia magotini. Mke wangu alinivuta koti kwa nyuma nikakaa. "Keki ilikuwa nzuri," aliniambia usiku ule, akanishika mkono, na hakunicheka.

Kisha Saumu akaenda kusoma nje, nchi za baridi, na kazi aliyopewa huko ni hiyo hiyo ya kuzipanga galaksi za eksirei kwa umri wao. Alikuwa akiongea na mama yake kila wiki. Mimi nilipewa simu mwishoni, tukaulizana hali ya hewa.

Nafikia sasa siku ya mwisho niliyokaa na Mpiga Eksirei kwa maana. Mke wangu alikata simu akaniambia, "Saumu amemtumia mzee picha, wiki ya pili hii hajamjibu, ana wasiwasi. Nenda ukamwone." Nikasema atume mtu mwingine. Akaniambia, "Nimekutuma wewe," akanipa blanketi nimpelekee.

Nilimkuta barazani saa tisa alasiri, ametazama bonde ambalo lilikuwa limejaa ukungu.

"Onga mshi, Mwalimu," alinisalimu kabla sijafungua kinywa. Alinijua kwa mwendo.

Nikamjibu kwa Kishambaa, kisha nikamwamkia sawasawa. "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Kaa. Hamisha kuku."

Nilihamisha kuku. Nikaona macho yake. Mboni zote mbili zilikuwa zimetanda weupe.

"Mtoto wa jicho," alisema. "Wamenipangia kunisafisha, nasubiri zamu. Vumbi limezunguka kiini, Mwalimu. Miali laini haipiti." Akacheka peke yake. "Picha ya Saumu iko hapo. Dada wa steshenari aliichapa, akaileta mwenyewe. Naona karatasi, sioni kitu."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Ili aache kazi yake alie huko kwenye baridi? Nisomee wewe."

Niliichukua. Karatasi nyeupe, kubwa, yenye doti nyeusi.

"Unaona nini?"

"Naona doti nyeusi."

"Doti nyeusi ni nini?"

Angeweza kutoniuliza hivyo. Nilitazama bonde, nikatazama kuku, nikatamani gari lolote lipite barabarani lipige honi.

"Ni mahali eksirei zilipofika," nikasema. "Nyeusi ndiyo galaksi, mzee wangu. Kweupe hakuna kilichofika. Ile siku ya shule wewe ndiye ulikuwa sahihi. Nilikuja kujua, nikanyamaza. Nisamehe."

"Nilijua kwamba umejua. Wasichana wako walikuwa wanakuja hapa na madaftari. Mwaka mmoja lile kosa halikuwemo tena. Nikasema, Mwalimu ameliona."

"Sasa kwa nini hukunisahihisha pale pale? Ulikuwa na haki."

Alipapasa goti lake. "Saumu alikuwa amekaa safu ya mbele. Mtoto akimwona baba yake anaangushwa mbele ya watu, hamuulizi tena kitu nyumbani. Nikaona bora lile kosa nikuachie, utalirekebisha mwenyewe."

Mtu niliyemhesabia wizi miaka yote hiyo alikuwa amesimama mlangoni kwangu akinilindia kile kile nilichodai ameniibia. "Aliacha kuuliza hata hivyo," nikamwambia. "Jioni ile ile. Nilimfokea mimi mwenyewe."

Aligeuza yale macho meupe kuelekea sauti yangu. "Hilo sikulijua," alisema. "Pole sana, Mwalimu." Na niliona kwamba limemuuma kweli, nikamwonea wivu tena, mara ya mwisho, kwa kuweza kuumia kwa ajili yangu.

Simu yake iliita juu ya magazeti. Aliipapasa akaipokea, sauti ikatoka kubwa kwa sababu kipaza chake hakizimiki.

"Shikamoo Babu! Mzima wewe? Umeiona picha yangu?"

"Marahaba, mama. Mimi macho yamegoma kidogo, usihofu, watayasafisha. Lakini yupo mtu hapa ameisoma. Ameisoma sawasawa." Akaninyooshea simu, akakosea upande, nikaifuata mkononi mwake.

"Saumu," nikasema.

Nilisikia upepo wa huko aliko, au labda ni pumzi yake.

"Baba?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi. Ninayo picha. Doti nyeusi ni galaksi."

Nilisubiri aniulize hali ya hewa.

"Baba," akasema, "upande wa kushoto, chini, kuna doti imekaa peke yake. Hapa tumebishana tangu jana, wengine wanasema ni moja, wengine wanasema ni mbili zimekaribiana. Wewe unaonaje?"

Nilisimama, nikaipeleka karatasi ukingoni mwa baraza kwenye mwanga. Nyuma yangu Mpiga Eksirei aliniambia kwa sauti ya chini, "Usitikisike." Nikavuta pumzi, nikaizuia, nikatazama.